Tapeli akikupa na njia ya kuhakikisha, simama hapo hapo: utapeli wa Dar tuujadili

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni wakala wa miamala hapa Buguruni, nafanya mitandao yote na benki kadhaa. Kwa kazi hii unakaa mahali ambapo hela ya mtu inapita kwa mara ya mwisho ikiwa bado ni yake. Naandika kwa sababu maonyo mengi tunayopewa yanaishia "kuwa makini", na mtu hawezi kuwa makini na kitu ambacho hajaelezwa kinavyofanyika.

Dalili ninayoiamini kuliko zote ni mteja anayefika dirishani simu ikiwa sikioni. Hasalimii. Anaweka hela kwenye laini yake, anasikiliza, anabonyeza, anasikiliza tena. Kuna mtu upande wa pili anamwelekeza. Anayelipa ada ya mtoto au anayemtumia mzazi hela ya dawa hana haja ya kuongozwa hatua kwa hatua na sauti asiyoijua. Huyo huwa namwambia, "Mama, kata simu kwanza tuongee." Wengine wananikasirikia na kwenda kwa wakala wa jirani. Nitaendelea kuwaambia.

Kwa nini nakazania simu ikatwe? Kwa sababu akikata tu, akivuta pumzi, mara nyingi anaanza kujiuliza mwenyewe maswali ambayo angeyauliza tangu mwanzo. Tapeli anajua hilo. Ndiyo maana hakati. Atakwambia "usikate, muamala utapotea", "usikate, mfumo unasoma". Hakuna mfumo unaokusoma. Ni yeye anakuzuia usiongee na mtu mwingine.

Sasa tuje kwenye ile meseji tunayoifahamu wote: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja fulani." Watu wanaicheka, ila ingekuwa haiwapi kitu wangeshaacha kuituma. Inatumwa kwa watu wengi mno ili impate mmoja: yule ambaye jioni hiyo kweli ana hela ya kumtumia mtu. Mwenye nyumba anadai kodi, fundi yuko saiti anasubiri saruji, mdogo wake yuko chuo anasubiri ya kula. Kwake meseji haionekani ngeni, inaonekana imechelewa. Hapa kibandani naona watu wa namna hiyo zaidi mwisho wa mwezi, na ni watu wenye akili zao timamu.

Angalieni hayo maneno "jina litakuja fulani". Hapo amekupa kipimo cha kumpima, na amekichagua mwenyewe. Unabonyeza namba, jina linakuja kama alivyosema, moyo unatulia. Lakini jina lile lisingeweza kuja tofauti, kwa sababu analijua kabla yako. Tulipolazimishwa kusajili laini kwa alama za vidole, mpaka ukomo wa tarehe 20 Januari 2020, wengi tuliona utapeli umekwisha kwa kuwa kila laini sasa ina mwenyewe. Kumbe ikaja nyingine: watu wanasajiliwa laini zaidi ya moja kwa kidole kimoja bila kujua. Msajili wa barabarani anakwambia "weka tena kidole, haijasoma", kumbe ya kwanza ilishasoma. Laini ya pili inaondoka na jina lako. Bonyezeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ikafungwe.

Dawa ya meseji hii ni kumpigia uliyekuwa unataka kumtumia, kwa namba yake ile ya siku zote. Simu ya nusu dakika. Usijibu kwa meseji kwenye namba iliyokuandikia, maana huko atakujibu yule yule.

Hili ndilo ninalotaka tulijadili. Karibu kila utapeli ninaouona hapa mjini una sehemu ya "hakikisha mwenyewe", na sehemu hiyo imeandaliwa na tapeli. Ukihakikisha kwa njia aliyokupa yeye, hujahakikisha chochote. Unatakiwa utumie njia uliyokuwa unaijua kabla hujamjua yeye.

Mifano michache, halafu nawaachia na ninyi.

Hela "iliyotumwa kimakosa". Unapata meseji kwamba umepokea laki na ushee, halafu simu: "Ndugu yangu nimekosea namba, ni hela ya mgonjwa, nirudishie." Ushahidi wako ni meseji, na meseji kaiandika yeye. Ukiangalia vizuri imetoka kwenye namba ya kawaida, si kwa jina la huduma yenyewe. Usibishane naye. Ingia kwenye menyu yako, M-Pesa *150*00#, Mixx by Yas *150*01#, Airtel Money *150*60#, HaloPesa *150*88#, uangalie salio. Salio halijaongezeka, mazungumzo yameisha. Na kama kweli limeongezeka, usirudishe kwa mkono wako. Mwambie aende kwa mtandao wake, muamala urudishwe na wao. Aliyekosea kweli atakubali, hata kama atanung'unika kidogo.

"Huduma kwa wateja." Hawa wanajua jina lako, wakati mwingine wanajua na muamala wako wa mwisho. Wanasema laini yako itafungwa leo, au umeshinda zawadi, au usajili wako una kasoro, kisha wanakupa msimbo wa kubonyeza. Mara nyingi ule msimbo mrefu wenye nyota nyingi ni menyu ile ile ya kutuma hela, imeunganishwa kwa mfuatano mmoja pamoja na namba yake na kiasi, ili usipitie hatua ambazo ungesoma "tuma pesa". Kinachobaki ni wewe kuweka namba ya siri. Huduma kwa wateja ya mitandao yetu ni 100. Ukipigiwa na namba ya kawaida ya tarakimu kumi, kata, kisha piga 100 wewe mwenyewe uulize.

Vishoka wa umeme nao mnawafahamu. Anakuja na kofia ngumu na koti lenye mstari unaong'aa, anakagua mita, anasema umeiba umeme, faini ni milioni kadhaa ila "tumalizane". Hofu inafanya kazi yake. Mtumishi wa kweli hapokei hela mkononi wala kwenye laini yake. Malipo ya serikali na mashirika yake yanalipwa kwa kumbukumbu namba, hii tunayoiita kontrol namba, na ukiiingiza kwenye simu inakuonyesha unailipa taasisi gani. Akikataa kukupa, piga TANESCO 180 akiwa pale pale mlangoni.

Karibuni.

Mdau wa Tabata

Mkuu umeandika vizuri lakini tusipambane na ukweli. Wanaotapeliwa wengi ni tamaa. Mtu anaambiwa weka elfu hamsini uvune laki mbili kwa wiki, anaweka. Huyo utamsaidiaje?

Mleta mada

Mdau wa Tabata, nakuheshimu lakini hapa sikubaliani na wewe, na naomba unisikilize mpaka mwisho.

Kwanza, aliyetuma kodi kwenye namba ya tapeli alikuwa na tamaa gani? Alikuwa analipa deni. Mzee aliyempa kishoka hela alikuwa anaogopa kukatiwa umeme nyumbani kwake. Binti anayelipia "sare na vipimo" ili aanze kazi hotelini anatafuta kazi.

Pili, hata hiyo ya kupanda na kuvuna. Wenye umri wanaikumbuka DECI pale Mabibo, 2009. Walioianzisha walikuwa wachungaji, lugha yake ilikuwa ya "mbegu", na watu walipanga foleni kupanda. Serikali ikaisimamisha, viongozi wake wakafikishwa mahakama ya Kisutu na mwaka 2013 wakatiwa hatiani. Sasa jiulize, waliojiunga walihakikishaje? Walimwona jirani amevuna. Hela ya kweli, mkononi, kaezekea nyumba. Huo si uvumi, ni ushahidi wa macho. Shida ni kwamba hela ya jirani ilikuwa ya mtu wa nyuma yake kwenye foleni. Upatu wa aina hii lazima uwalipe watu wa mwanzo, tena uwalipe vizuri na kwa wakati, maana wao ndio tangazo. Yule jirani hakukudanganya. Alitumika kama chambo.

Ndivyo ilivyokuwa na Kalynda, ikaanguka mwanzoni mwa 2023, na LBL mwanzoni mwa 2025, hii ya kulipia ngazi kisha unaangalia vipande vya filamu kwenye simu na kuhesabiwa malipo. Mle kwenye magrupu ya WhatsApp picha za miamala zilikuwa zinamiminika kila siku. Watu wakaleta dada zao, mama zao, wanakwaya wenzao. Ndiyo maana ikianguka watu hawaendi polisi: wa kumlaumu ni shangazi yako.

Kwa hiyo swali la kuuliza si "je, kuna aliyelipwa?", kwa sababu jibu litakuwa ndiyo. Uliza hela ya kunilipa inatoka kwenye biashara gani, na nani kaipa leseni. Anayepokea amana za watu lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Anayeuza uwekezaji wa dhamana na vipande yuko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Cheti cha BRELA si leseni ya kukusanya hela za watu. BRELA inasema tu kwamba kampuni imesajiliwa. Hicho ndicho wanachokibandika ukutani ofisini, na watu wanatulia.

Ukimwambia mtu "una tamaa", atanyamaza, na hatosema tena akitapeliwa. Kunyamaza huko ndiko kunakowapa hawa watu wateja wapya kila siku.

Mdau wa Kariakoo

Mleta mada umenigusa. Mimi nina duka la simu, na naomba niwaambie wanaokuja Kariakoo kutoka nje ya mjini, na hata wa hapa hapa.

Simu inayouzwa ukiwa unatembea, barabarani, kwa bei ya nusu, "ya shemeji yangu kaleta toka Dubai", usiishike. Utaijaribu, itawaka, itapiga. Halafu atasema ngoja nikuwekee kwenye boksi, polisi wanakuja. Ukifika Gongo la Mboto unafungua boksi unakuta kipande cha sabuni au kioo kimefungwa vizuri kwenye kava. Simu uliyoijaribu ilikuwa nzima. Uliyoondoka nayo ni nyingine. Hapa napo ni kama anavyosema mleta mada, majaribio alikupa yeye.

Hata dukani, kabla hujatoa hela bonyeza *#06# kwenye simu yenyewe, linganisha IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, na ya kwenye boksi, kisha itume kwenda 15090 ikurudishie aina ya simu. Ikija tofauti na unayoishika, rudisha. Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, izime simu bandia Juni 2016 huduma hii ipo, ila wateja wanaoitumia mbele yangu ni wachache mno. Dai risiti ya EFD yenye jina la duka. Muuzaji mzuri hakasiriki ukikagua. Mimi nafurahi, maana nikiuziana na mtu wa hivyo hatorudi na ugomvi.

Na sisi wafanyabiashara tunapigwa pia. Mteja anakuonyesha meseji kwenye simu yake, "nimeshalipa", ana haraka, bodaboda inamsubiri. Msisome meseji ya mteja. Someni ya kwenu, na ikichelewa angalieni salio.

Mdau wa Kimara

Naomba nichangie kuhusu mikopo ya simu maana hapa mtaani kwetu imewaumiza akina mama wengi.

Kuna aina mbili. Ya kwanza haina mkopo kabisa. Ni ukurasa wa Facebook wenye picha ya kiongozi au mtu maarufu, "mikopo nafuu bila dhamana", unajaza fomu, unaambiwa mkopo wako umekubaliwa, lipia ada ya fomu. Halafu bima. Halafu hela ya kufungulia akaunti. Kila ukilipa kinazuka kingine, na mtu anaendelea kwa kuwa ameshatoa, hataki ile ya kwanza ipotee. Mkopeshaji halali anaweza kukata gharama zake kwenye mkopo wenyewe. Anayetaka umlipe yeye kwanza kwenye laini ya mtu binafsi ndipo akukopeshe, huyo ni mwizi.

Ya pili mkopo upo, ila ni kausha damu. Unapakua programu, inaomba ruhusa ya kusoma namba zako zote, unakubali bila kusoma. Unapewa pungufu ya ulichoomba, unatakiwa kulipa zaidi ndani ya siku chache, na ukichelewa wanampigia bosi wako, mama mkwe, mchungaji, kila aliyemo kwenye simu yako, wanamwambia wewe ni mwizi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni, ikaonya wananchi. Kwa hiyo kabla ya kupakua ingia kwenye tovuti ya Benki Kuu uangalie kama mkopeshaji huyo yumo kwenye waliopewa leseni. Usitegemee nembo iliyochorwa kwenye programu yenyewe, nembo ya BoT inachorwa na yeyote.

Na kwa aliyeshaaibishwa: kusambaza taarifa zako hivyo ni kosa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ipo Tume yake, PDPC, inayopokea malalamiko. Hifadhi meseji, rekodi namba zilizopiga, peleka. Deni utalilipa, lakini mama mkwe wako hakukopa.

Mdau wa Mbagala

Wakuu shikamooni wakubwa. Mama yangu mzazi alipigwa wiki iliyopita, hela ya mtaji wa genge yote. Alipigiwa na "mtu wa benki", akampa tarakimu za siri zilizoingia kwenye simu. Hali, halali, hataki hata majirani wajue. Kuna lolote la kufanya au ndiyo imetoka?

Mleta mada

Marahaba mdogo wangu. Pole sana, na mpe mama pole.

Nianze na yeye kabla ya hela. Usimuulize "kwa nini ulimpa namba". Keshajiuliza usiku kucha. Mwambie kwamba wale wanafanya kazi hiyo kutwa nzima, wana maneno yaliyoandikwa, na mara nyingi wanakuwa wawili watatu wanapokezana simu: mmoja karani, mmoja "meneja". Yeye alikuwa peke yake, kashtushwa katikati ya kupanga nyanya.

Kuhusu hela. Kwa mwenye kutapeliwa dakika hii, cha kwanza ni kupiga 100, au benki yake kwa namba iliyo nyuma ya kadi, aombe muamala uzuiwe. Hela ikiwa bado ipo kwenye laini ya tapeli inaweza kushikiliwa. Ikishatolewa kwa wakala ni shida. Ndiyo maana wanaitoa au kuihamishia laini nyingine dakika hizo hizo. Kwa mama imepita wiki, kwa hiyo sitakudanganya, nafasi ni ndogo. Ila fanya haya: nenda naye kituo cha polisi, mfungue jalada mpate RB, ile namba ya taarifa yenu polisi. Beba kitambulisho, namba iliyompigia, muda, na kumbukumbu za miamala. Peleka RB benki na kwenye mtandao wa simu, kwa sababu bila hiyo hawawezi kutoa taarifa za laini ya mtu mwingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inalitambua kosa hili, usikubali mtu pale kaunta akwambie "hiyo ni bahati mbaya".

Pili, ripoti namba. TCRA wana 15040, unatuma neno UTAPELI kisha unafuata maelekezo ya kuandika namba husika. Haichukui dakika, na inasaidia laini ile isiendelee kuwapigia akina mama wengine.

Tatu, abadilishe namba za siri zote leo, na muangalie *106#. Laini yake ikipoteza mtandao ghafla bila sababu, mkimbie duka la mtandao siku hiyo hiyo, maana kuna wanaomalizia kwa kuihamisha laini kwenye kadi nyingine.

Na jihadharini na wa pili. Baada ya kutapeliwa anaweza kupigiwa na "afisa wa kitengo cha mtandao" anayesema wamemkamata mhalifu, hela imepatikana, atume kidogo ya kufungulia faili. Polisi hawarudishi hela kwa kukutoza kwanza.

Mdau wa Mbagala

Ahsante kaka. Tunaenda kituoni asubuhi. Nimemsomea uzi huu, amesema kuna mwenzake wa genge la pili alifanyiwa hivyo hivyo mwezi jana na hakusema.

Mdau wa Kigamboni

Mleta mada hujagusa ardhi, na hapo ndipo watu wanapoteza akiba ya miaka. Mimi ni mpima ardhi, nachangia kwa ninachokijua.

Kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu watatu kila mtu anakisema. Ninachokiona zaidi, na hakisemwi sana, ni hati halali kabisa inayotumika kumuuzia mtu kiwanja kingine. Unaonyeshwa kiwanja kizuri, tambarare, karibu na barabara. Unaonyeshwa hati, unaipeleka kwa wakili, inakutwa ni ya kweli. Unalipa. Siku ya kuweka uzio anatokea mwenyewe. Hati yako ni ya kiwanja kilicho bondeni, mita mia kadhaa kutoka pale uliposimama ukishangaa upepo wa bahari. Hati haina picha, ina namba ya kiwanja, kitalu na ramani ya upimaji. Anayeweza kukwambia namba hizo ziko wapi ardhini ni mpima mwenye kifaa, uliyemlipa wewe. Wa dalali atakuonyesha alichoagizwa.

Taratibu zenyewe: chukua namba za hati, nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ukaombe upekuzi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi unakwambia mmiliki aliyeandikishwa ni nani, kuna rehani ya benki au hakuna, kuna zuio au hakuna. Nakala ya hati aliyoishika muuzaji haisemi chochote kuhusu mkopo aliochukua baadaye. Muuzaji akiwa na mume au mke, ridhaa ya mwenza kwa maandishi ni lazima, na mwenza aje mwenyewe, si "dada wa kuigiza". Hilo limewahi kutokea.

Kwa maeneo yasiyopimwa, Chanika, Msongola, Kivule na kwingineko, muhuri wa serikali ya mtaa peke yake usikutulize. Rudi pale siku nyingine bila dalali, bila kuaga, jioni watu wakiwa majumbani. Salimia, kaa, uliza jirani wa kila upande kiwanja hiki ni cha nani na kina mgogoro gani. Jirani anajua nani alikuja na wakili, nani alitoa vigingi usiku. Na uliza kwenye halmashauri kama eneo halipo kwenye hifadhi ya barabara au mpango wa mradi wowote.

Mdau wa Sinza

Ongezea na nyumba za kupanga jamani. Dalali anakupokea, anakupeleka, ana funguo, unalipa kodi ya miezi sita, siku ya kuhamia mnakutana familia tatu na magodoro getini. Funguo si uthibitisho, huenda alikuwa mpangaji anayehama. Ongea na wapangaji wenzako na mjumbe, mtafute mwenye nyumba mwenyewe kabla hujatoa shilingi.

Mdau wa Tabata

Mleta mada, nimesoma yote. La tamaa nalifuta, uko sahihi, nilikuwa nawaza watu wawili watatu ninaowajua tu. Sasa nina swali kwa mdau wa Kigamboni. Kuna kiwanja Chanika nimeonyeshwa, muuzaji anasema kuna mteja mwingine anatoka Mwanza kesho, kwa hiyo nilipe kishika nafasi leo, milioni moja, atanipa risiti ya mkono. Nakala ya mkataba wa mauziano wa mwanzo ninayo. Nifanyeje?

Mdau wa Kigamboni

Leo usilipe. Huyo mteja wa Mwanza namsikia kwenye kila kiwanja kinachouzwa haraka. Kesho asubuhi nenda serikali ya mtaa ukiwa peke yako na nakala yako, uliza kama mauziano hayo ya mwanzo yameandikwa kwenye daftari lao, na mashahidi waliosaini ni akina nani. Watafute hao mashahidi kwa namba utakazopewa ofisini, si za muuzaji. Kisha zungukia majirani. Vikikaa sawa, mkutane kwa wakili wako, na hela ipite benki kwenda kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye mkataba. Akiuza kwa wa Mwanza kabla ya hapo, viwanja Chanika bado vipo.

Mdau wa Tabata

Nimempigia sasa hivi nikamwambia tutakutana serikali ya mtaa kesho saa tatu. Amesema yeye kesho hana nafasi, nitume hata laki tatu kwa simu, jina litakuja la mke wake.

Mleta mada

Mkuu, itume namba hiyo 15040.